Umenyanyua Pikapu, Sasa Mbele Inatetemeka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kifaa

Huku Nyanda za Juu Kusini hatunyanyui pikapu kwa urembo. Mtu anayekwenda kubeba viazi Umalila mwezi wa pili, au anayepanda Kitulo kupitia Isyonje, au anayeingia mashamba ya chai Mufindi mvua ikiwa haijakata wiki nzima, anajua maana ya gari kukalia tumbo kwenye tuta la katikati huku matairi yakizunguka bure. Sentimita tano za nyongeza zinabadilisha safari nzima. Tabu huanza tukirudi kwenye lami. Unatoka Uyole unashika njia ya Igawa, spidi inafika themanini na kitu, usukani unaanza kucheza mkononi.

Mimi yalinikuta na Hilux Vigo. Nilinyanyua mbele milimita 50 kwa springi na shokapu ndefu, nyuma nikaongeza bapa moja la springi, nikavalisha matairi ya 265/70R16 kwenye rimu za aloi za mtumba. Kwenye 85 usukani ukatetemeka. Gereji niliyokwenda kwanza haikulipandisha gari hata kwenye jeki. Waliinama, wakachungulia, wakasema shafti za mbele, zile fimbo fupi zinazopeleka nguvu magurudumuni, zimekaa mshazari mno, na sivi jointi, yaani maungio yake, zimekwisha. Nikanunua shafti mbili. Mtetemo ukabaki pale pale, kwenye spidi ile ile. Ndipo nikaanza kulitafuta tatizo kwa mpangilio, kuanzia kisicho na gharama kwenda kwenye gharama, na mpangilio huo ndio ninaoueleza hapa.

Shika jambo moja kabla ya kugusa spana: siku ya kunyanyua gari, urefu si kitu pekee kinachobadilika. Magurudumu yamefunguliwa na kufungwa upya. Pengine matairi na rimu ni vingine. Tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu) zimelegezwa, boliti za lowa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu) zimezungushwa, propela shafti (fimbo ndefu inayopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi kwenye ekseli) imefunguliwa ili ipishe kazi. Kila kimojawapo kinaweza kuleta mtetemo bila hizo sentimita tano kuhusika kabisa. Kwa hiyo chukua karatasi uandike kila kilichoguswa siku ile. Kama gari lilishughulikiwa na fundi, mpigie umuulize kwa upole: "Fundi, siku ile mlifungua nini na nini?" Majibu yake yatakuokolea siku mbili za kuhangaika.

Hatua ya kwanza: liendeshe gari ulisikilize

Tafuta kipande cha lami kilichonyooka na kilicho tambarare. Kwa upande wa Mbeya mimi huenda bonde la Usangu, kati ya Chimala na Igawa, asubuhi mapema kabla malori ya Tunduma hayajajaa barabarani. Milimani utadanganyika, kwa sababu kwenye kupanda na kushuka injini na breki vinachangia mtikisiko wake. Nenda na mtu wa pili wa kuandika, wewe macho yako yabaki barabarani. Vibao vya vijijini viheshimu. Kipimo kifanyike pale panaporuhusu.

Panda spidi polepole, ukitulia kidogo kila unapoongeza kilomita kumi. Mwambie mwenzako aandike: umeanza wapi, umezidi wapi, umeisha wapi. Kisha ukiwa kwenye spidi ya mtetemo fanya mambo matatu, moja moja. Achia mafuta gari liende lenyewe. Weka gia huru. Halafu, ukiwa umehakikisha nyuma hakuna mtu, kanyaga breki kwa utaratibu.

Mtetemo ukibaki vile vile hata gia ikiwa huru, injini na gia boksi havina kosa. Chanzo kinafuata mwendo wa magurudumu. Ukipotea ulipoachia mafuta na kurudi ulipokanyaga, fikiria propela shafti na krosi zake, yaani maungio yake ya kujikunja, kwa kuwa hizo huonyesha ubovu zikibebeshwa nguvu. Ukitokea pale tu unapokanyaga breki, basi ni diski za breki, wala usiulaumu mnyanyuo. Aliyeshuka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni na mzigo, mguu ukiwa juu ya breki mteremko mzima, atazikuta diski zake hazina unene sawa pande zote. Hizo zichongwe au zibadilishwe, na kesi imeishia hapo.

Sasa namna mtetemo wenyewe ulivyo. Hapa inafaa kupiga hesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo iliyonifumbua macho. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha kama milimita 777. Likizunguka mara moja gari limesogea mita 2.44. Kwa spidi ya 90 gari linakwenda mita 25 kila sekunde. Maana yake gurudumu linazunguka mara 10 kwa sekunde. Propela shafti, kwa difu (gia za kwenye ekseli) yenye uwiano wa 3.9, inazunguka mara 40 katika sekunde hiyo hiyo. Vitu viwili hivi haviwezi kutetemesha kwa namna moja. Mtetemo wa gurudumu ni mzito, karibu unaweza kuuhesabu: usukani unakwenda kushoto na kulia, maji ndani ya chupa yanaruka, kioo cha pembeni kinakuonyesha gari la nyuma likiwa mawili. Mtetemo wa propela ni mvumo. Unausikia kwenye nyayo na makalio kama uliyeegemea ukuta wa mashine ya kusaga; usukani unaweza kuwa umetulia kabisa.

Wa kwangu ulikuwa mzito, wa kuhesabika. Haukuwa wa propela; nikaanza na magurudumu.

Hatua ya pili: matairi, rimu na nati

Hapa usiharakishe. Pikapu nyingi nilizozishika baada ya mnyanyuo dawa yake ilipatikana hapa, na gharama yake ilikuwa maji, sabuni na balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu.

Anza na udongo. Lala chini uangalie ndani ya rimu, upande wa breki. Udongo wa Mufindi na Njombe ukikauka ndani ya rimu unashika kama tofali, na huwezi kuuona ukiwa umesimama. Gramu 100 tu za udongo zilizoganda upande mmoja wa rimu ya inchi 16, kwa spidi ya 90 zinaivuta rimu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8, na mvuto huo unageuka upande mara kumi kila sekunde. Kwangua kwa kijiti, osha kwa maji mengi, rudi barabarani ujaribu tena kabla ya kufanya lolote jingine. Wapo waliopona hapo.

Angalia upepo wa matairi, yakiwa ya baridi. Ukiupunguza ili upite kwenye tope, rudisha kabla ya lami. Na kama gari lilikaa gereji wiki mbili bila kusogea, hasa Juni na Julai baridi ya Mbeya inapouma, tairi huwa na bapa pale lilipokalia. Linaweza kutetemesha kilomita kumi au ishirini za mwanzo kisha likatulia. Mtetemo wa namna hiyo usiupeleke gereji.

Halafu nati za magurudumu, na hapa naomba usome taratibu. Toyota ya rimu ya chuma hufungwa kwa nati yenye mdomo mchongoko. Mchongoko huo unaingia kwenye tundu la rimu na kuiweka rimu katikati. Rimu nyingi za aloi za Toyota zenyewe hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Hiyo hailengi katikati kwa mchongoko, shingo ndiyo inayoingia kwenye tundu. Rimu za aloi zilizotengenezwa na kampuni nyingine mara nyingi zinataka mchongoko. Ukichanganya, nati inakaza vizuri, mkono unasikia imebana, lakini rimu imekaa pembeni ya kati kwa milimita moja au zaidi.

Hilo ndilo lililokuwa langu. Nilifungua nati moja nikaiweka kiganjani: uso wake bapa ulikuwa na alama ya kung'aa upande mmoja tu, kama mwezi mchanga, mahali ulipogusa rimu. Upande wa pili ulikuwa na rangi yake yote. Rimu ilihitaji mchongoko, nami nilikuwa na nati za bapa za rimu zangu za zamani. Isitoshe, tundu kubwa la katikati ya rimu lilikuwa pana kuliko kichwa cha habu (kitovu kinachoshika gurudumu), ambacho kwenye Hilux kina kipenyo cha milimita 106. Palikuwa na nafasi ya kupitisha ukucha kuzunguka pote. Kwa nafasi kama hiyo, ama utafute pete ya kujazia, ama uhakikishe nati ni sahihi na zinakazwa kwa kupishana, gurudumu likiwa hewani, kidogo kidogo, kisha kumalizia chini kwa spana ya kipimo. Spana ya upepo ikikaza nati moja hadi mwisho kabla ya nyingine kugusa, rimu imeshakaa upande.

Kabla ya kurudisha gurudumu, sugua uso wa habu na mgongo wa rimu kwa brashi ya waya. Kutu yenye unene wa karatasi inatosha kulikalisha gurudumu mshazari. Kama kati ya habu na rimu umeweka spesa za kutanua magurudumu, zitoe zote, ujaribu bila hizo.

Sasa pima unyoofu wa rimu. Huhitaji mashine. Nyanyua gurudumu moja kwa jeki, magurudumu mengine yawe na mawe, gari likae juu ya stendi. Weka tofali chini, lifungie kipande cha waya mgumu, ncha yake isogezwe hadi ibakize nafasi ndogo na ukingo wa rimu. Zungusha gurudumu kwa mkono. Asubuhi ile nilikuwa nimepiga goti kwenye zege lililolowa manyunyu, na sikio ndilo lililotangulia jicho: waya unanyamaza nusu mzunguko, kisha kwaru, unanyamaza, kwaru. Pima kwa rula tofauti kati ya sehemu ya mbali na ya karibu, kwanza kwa upande kisha kwa juu na chini. Chini ya milimita moja ni vizuri. Ikipita milimita mbili, rimu hiyo usiihangaikie na balansi. Inyooshwe na mtu mwenye mashine, au iende nyuma ikisubiri kubadilishwa. Rudia kwa tairi lenyewe, maana tairi laweza kuvimba upande rimu ikiwa safi.

Baada ya hapo ndipo balansi. Simama karibu na mashine. Omba rimu iwekewe risasi (vile vipande vizito vya kusawazisha) pande mbili, ndani na nje, na ikishawekewa izungushwe tena hadi mashine isome sifuri huku unaona. Mashine ikitaka zaidi ya gramu mia moja upande mmoja, mwombe fundi atoe upepo, ageuze tairi nusu mzunguko juu ya rimu, apime upya. Mara nyingi sehemu nzito ya tairi imekutana na sehemu nzito ya rimu.

Kipimo cha kufunga hatua hii: hamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, rudi kwenye barabara ile ile. Mtetemo ukihama kutoka usukani kuja kwenye kiti, umeupata. Ukibaki kwenye usukani bila kubadilika hata chembe, magurudumu yako hayana hatia; songa mbele.

Hatua ya tatu: mbele iwe hewani

Stendi mbili chini ya fremu, usitegemee jeki. Shika gurudumu juu na chini, sukuma na vuta. Kisha kushoto na kulia. Mwenzako awe amelala anatazama nyuma ya gurudumu akiwa na tochi, kwa sababu mkono unasikia mchezo, yaani ulegevu, lakini hauwezi kusema uko wapi.

Mchezo wa juu na chini: ama beringi ya habu, ama boljointi (ungio la duara kati ya amu na gurudumu). Mwenzako akanyage breki, nawe utikise tena. Ukipotea, ni beringi; ukibaki, ni boljointi. Mchezo wa kushoto na kulia peke yake: tairodi, au bushi za mtambo wa usukani pale unapofungwa kwenye fremu. Kwa boljointi ya chini tumia mtalimbo: pitisha chini ya tairi, nyanyua taratibu, tazama kama kuna kuruka. Mchezo mdogo peke yake haulianzishi tetemeko, ila unalikuza. Gurudumu lenye kasoro ndogo ambayo gari zima lingeimeza, juu ya tairodi iliyochoka linakuwa balaa. Ndiyo maana kuna anayebadilisha tairodi akapata nafuu ya wiki tatu, kisha mambo yanarudi.

Ukiwa hapo chini, tazama kitu kingine ambacho mafundi wengi hukiruka. Boliti za lowa amu zilikazwa gari likiwa wapi? Bushi za mpira zimeshikamana na chuma cha kati. Boliti zikikazwa magurudumu yakining'inia, gari likishuka bushi zinabaki zimejipinda muda wote, na baada ya miezi michache mpira unachanika. Legeza, gari likae chini kwa uzito wake, lisukumwe juu na chini mara kadhaa, ndipo ukaze.

Hatua ya nne: shafti na propela ya mbele

Ukifika hapa ujue umeshasafisha njia. Sasa urefu wenyewe ndio tunaouhoji.

Kwanza fahamu kinachozunguka. Nyanyua gurudumu moja la mbele, weka gari kwenye mbili kubwa, yaani bila kuunganisha magurudumu ya mbele, nyuma pawe na mawe, zungusha gurudumu kwa mkono. Mwenzako aangalie propela ya mbele. Ikizunguka, basi inazunguka safari nzima unapokwenda mjini. Isipozunguka, rudia upande wa pili. Ikitulia pande zote mbili, basi kwenye lami propela ya mbele haifanyi kazi ya maana, na mtetemo unaousikia ukiwa kwenye mbili hautoki kwake. Shafti fupi za magurudumuni ni habari nyingine: bila frihabu za mkono, vile vifungo vya kwenye habu vinavyoachanisha gurudumu na shafti, hizo huzunguka daima.

Mwenye frihabu za kuzungusha kwa mkono ana bahati. Ziweke huru zote mbili, nenda barabarani. Halafu zifunge, ubaki kwenye mbili, nenda tena spidi zile zile. Mtetemo ukija na frihabu zilizofungwa tu, chanzo kipo kati ya habu na gia boksi ya chini, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Kipimo cha dakika ishirini, bila senti.

Asiye na frihabu afungue propela ya mbele. Kwenye Hilux ina boliti nne kila upande na haimwagi mafuta. Kabla ya kulegeza boliti ya kwanza, piga alama ya rangi kwenye vichwa vyote viwili, na alama nyingine pale shafti inapoingiliana kwa meno katikati, ili irudi jino kwa jino. Hapa kuna kosa linalofanywa kwa nia njema: fundi anaona masikio ya krosi ya mbele na ya nyuma hayakukaa mstari mmoja, anadhani limekosewa, anayanyoosha. Kwa propela ya nyuma ni kweli yanatakiwa kunyooka. Lakini zipo Toyota, Land Cruiser 80 mojawapo, ambazo propela ya mbele imetoka kiwandani masikio yakiwa yamepishana kwa makusudi. Fuata alama, usifuate jicho. Endesha ukiwa kwenye mbili. Mtetemo ukitoweka, peleka propela ikapimwe balansi, krosi zichunguzwe kwa kuzikunja kwa mkono: krosi nzima inajikunja laini pande zote, isiyo nzima inakwama au inakuwa na vituo.

Usipime kwa kuunganisha nne kwenye lami kavu. Hilux na Land Cruiser nyingi za kazi hazina difu ya katikati. Zikiwa kwenye nne juu ya lami, meno na shafti zinajipinda na kukuletea mishtuko isiyohusiana na tatizo lako. Kipimo cha nne kifanye kwenye kifusi au udongo, spidi ndogo.

Kuhusu sivi jointi: simama mbele ya gari, chuchumaa, tazama shafti zinavyoshuka kutoka kwenye difu kwenda magurudumuni. Mteremko kiasi ni wa kawaida. Ukiona mikunjo ya buti imebanana juu na kugusana, au grisi imerushwa ndani ya rimu na kwenye amu, umezidisha. Sivi jointi iliyokaa mshazari sana hulalamika zaidi ikibebeshwa nguvu, kwa hiyo kwa gari kama Hilux, dalili yake kubwa ni mtikisiko wa kwenda pembeni unapopanda kilima ukiwa kwenye nne. Kwenye lami, ukiwa kwenye mbili, haina nguvu inayoisukuma, ndiyo sababu si ya kushukiwa kwanza. Kwa Prado na wengine wanaoendesha magurudumu yote muda wote, ipandishe juu kwenye orodha.

Pima urefu halisi. Toka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Niliwahi kukuta tofauti ya milimita 25 kati ya pande mbili, kwa sababu spesa za kunyanyulia springi za upande mmoja zilirundikwa mbili. Kwa Hilux za koili, nikishauriwa au nisishauriwe, siendi juu ya milimita 50. Zaidi ya hapo utahitaji kushusha difu ya mbele kwa vipande vya chuma, na ukishusha difu unaiokoa sivi jointi huku ukibadilisha mkao wa propela. Hilux za zamani za toshenibaa (fimbo inayojipinda badala ya springi) ndizo zinazoteswa zaidi, kwa vile kunyanyua ni kukaza boliti mbili tu, na mtu hukaza hadi zigome. Legeza mizunguko mitatu kila upande, jaribu. Mtetemo ukipungua, umepata jibu, na kiti chako pia kitakushukuru.

Hatua ya tano: usiisahau nyuma

Gari likitikisika unapoondoka, kati ya 15 na 40, zaidi likiwa na mzigo, kisha likatulia, watu husema "mbele inagonga" kwa sababu wanakaa mbele. Mara nyingi ni propela ya nyuma. Hilux ndefu ina propela ya vipande viwili na senta beringi katikati. Ukiongeza bapa kwenye springi za nyuma, difu inainuka pua au inashuka, na krosi za pande mbili hazikai tena kwa mshazari unaolingana. Krosi mbili zikilingana zinafutana makosa. Zisipolingana, kila mzunguko unakuwa na mishtuko miwili.

Simu nyingi zina kipima mlalo; tumia yako. Iegemeze kwenye uso wa kichwa cha difu, andika digrii. Iegemeze kwenye kichwa cha upande wa gia boksi, andika. Gari likiwa chini kwa uzito wake, si kwenye jeki. Tofauti ikizidi digrii moja, weka weji, yaani kabari, za chuma kati ya springi na ekseli, au shusha senta beringi kwa washa nene. Pima bila mzigo na pima ukiwa na magunia, kwa kuwa hapo katikati ndipo gari lako linaishi. Mpira wa senta beringi ubonyeze kwa mtalimbo: ukichezea hovyo, badilisha.

Wenye Land Cruiser ya ekseli nzima

Kwenu, ambao magurudumu mawili ya mbele yameshikwa na ekseli moja, kuna ugonjwa wa pekee. Unapiga shimo moja kwenye 60 au 70, usukani unaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu kiasi cha kutaka kukuchomoka, na hauachi hadi upunguze mwendo. Ukikutokea: shika imara, achia mafuta, acha gari lipungue, usikanyage breki kwa ghafla.

Land Cruiser za koili mbele zina amu mbili zinazoshika ekseli. Ukinyanyua, ekseli inajizungusha, na ule mlalo wa kingpini (mhimili ambao gurudumu hugeukia) unaorudisha usukani katikati unapungua. Gari linakuwa jepesi usukani na tayari kwa tetemeko. Dawa ni bushi maalumu zenye tundu lililohama, au vipande vya kurudisha amu mahali pake. Kabla ya hapo, mwambie mwenzako awashe gari likiwa chini na azungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, wewe weka kidole kwenye maungio ya panadi rodi, ile fimbo inayotoka kwenye fremu kwenda kwenye ekseli. Kidole kitasikia mchezo ambao jicho halioni. Kisha beringi za kingpini. Shokapu ya usukani iangalie mwisho kabisa. Mpya inalinyamazisha tetemeko kwa muda huku chanzo kikiendelea kula.

Alaimenti, na kurudi barabarani

Alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, ikiwa mbaya peke yake huvuta gari upande na kula matairi. Tairi lililoliwa kwa meno ndilo linalotetemesha. Ndiyo maana alaimenti inakuja baada ya hatua zote, wala haisaidii kuifanya juu ya boljointi iliyochoka. Mwombe fundi aanze na mlalo wa mbele na nyuma wa gurudumu, kisha wa ndani na nje, mwisho ndio mwelekeo wa matairi, na akupe karatasi ya vipimo. Akirekebisha mwelekeo peke yake kwenye gari lililonyanyuliwa, kazi ni nusu.

Ukimaliza, nenda kilomita 100, kisha rudia kukaza nati za magurudumu, boliti za lowa amu na za propela. Halafu rudi kwenye kipande kile kile cha barabara, na mwandishi yule yule, mpite spidi zile zile mlizoziandika siku ya kwanza.